Kumtafutia mzee mahali pa kutunzwa Tanga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa watoto, wajukuu na wapwa walioko Tanga mjini, Muheza, Pangani na Korogwe, na wa wale walio mbali ambao mzee wao yuko nyumbani na hali yake imeshamzidi anayemtunza. Majibu hayalingani urefu. Tumekaa zaidi pale ambapo familia hukosea: usiku, chooni na kwenye daftari la dawa.

Tutajuaje kwamba utunzaji wa sasa hautoshi tena?

Msiangalie umri. Angalieni mambo sita ya kila siku: kula, kuoga, kuvaa, kwenda msalani, kuinuka kitandani hadi kwenye kiti, na kuzuia haja. Mzee anayehitaji msaada katika jambo moja au mawili anaweza kuishi vizuri nyumbani akiwa na mtu wa kumsaidia asubuhi na jioni. Akihitaji msaada katika manne, au akiwa haachiki peke yake hata usiku, mtu mmoja hawezi kuibeba kazi hiyo, hata awe na mapenzi kiasi gani.

Mara nyingi mtu huyo mmoja ni binti au mkwe, na kuelemewa huonekana kwake kabla ya kuonekana kwa mzee: halali, mgongo unauma kwa kuinua, biashara yake ameifunga. Muulizeni yeye kwanza, tena pembeni, siyo mbele ya kikao cha ukoo ambako ataona haya kusema amechoka.

Dalili nyingine za kuchukulia uzito ni mzee kuanguka mara mbili ndani ya miezi sita, vidonge kukutwa vimebaki au vimeisha kabla ya siku zake, nguo kumpwaya, na sufuria kuungua jikoni.

Tanga kuna makazi gani?

Serikali ina makazi ya wazee Mwanzange, mjini Tanga. Hayo ni ya wazee wasiojiweza ambao hawana wa kuwatunza, siyo ya kumlipia mzee mwenye watoto. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inaiweka familia mbele, na makazi inayafanya njia ya mwisho. Kama mnamjua mzee aliyebaki peke yake mtaani, anzeni kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa au kijiji, kisha ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri.

Kwa mzee mwenye familia zinabaki njia tatu: makao ya binafsi au ya taasisi ya dini yakiwa na nafasi, mhudumu wa kulipwa nyumbani, au mzee kuhamia kwa mtoto mmoja huku wengine wakichangia kiasi kilichoandikwa na kusainiwa. Familia nyingi huishia kwenye ya pili na ya tatu. Maelezo ya hapa chini yanafaa kwa zote, maana hatari zinazomkabili mzee ni zilezile.

Mkifikiria makao ya Dar es Salaam kwa kuwa yana sifa zaidi, pimeni na barabara: ni zaidi ya kilomita 300 kutoka Tanga. Mzee anayetembelewa kila wiki hutunzwa vizuri kuliko anayetembelewa kila Idi au Krismasi, kwa sababu wahudumu wanajua kuna jicho linakuja. Mahali pa wastani palipo karibu na anayeweza kufika ghafla tunapapendelea kuliko mahali pazuri pasipofikiwa na mtu.

Majirani watasema tumemtupa mzazi. Tuwajibu nini?

Aliyetupwa ni mzee anayelala kwenye mkojo hadi asubuhi, awe kwenye makao au kwenye chumba cha uani nyumbani kwa mwanawe. La kuzingatia zaidi ni mzee mwenyewe. Mwambieni ukweli, mpelekeni akapaone kabla ya uamuzi, na msimdanganye kwamba anakwenda matembezi ya siku mbili. Wazee waliohamishwa kwa hila hugoma kula, na imani yao kwa watoto hairudi kirahisi.

Tujiandae vipi kabla ya kwenda kuangalia?

Andikeni karatasi moja: yale mambo sita na kiwango cha msaada anaohitaji, magonjwa, kila dawa, nguvu yake na saa zake, jinsi anavyosikia na kuona, chakula asichokula, saa za kulala na mara anazoamka usiku, ibada zake. Mpeni msimamizi karatasi hiyo, kisha mwacheni azungumze. Anayeuliza maswali ya nyongeza, kwa mfano "akiamka usiku huita au huinuka mwenyewe?", anaijua kazi. Anayejibu "hapa tunapokea wote" bila kuisoma anatafuta ada.

Twende saa ngapi?

Nendeni mara tatu kwa uchache: mara ya kwanza kwa ahadi, mara ya pili saa ya chakula cha mchana, na mara ya tatu kati ya saa moja na saa tatu usiku, hasa Jumapili au sikukuu, wakati wafanyakazi wamepungua. Ziara ya usiku ndiyo inayosema kweli. Makao yasiyokubali kabisa ndugu kufika jioni, hata kwa kubisha hodi na kukaa sebuleni, yatoeni kwenye orodha.

Mkiwa hapo, sikilizeni wahudumu wanavyosema na wazee. Je, wanawaamkia shikamoo na kuwaita bibi na babu kwa majina yao, au mzee ni "yule wa kitanda cha dirishani"? Wanabisha mlango kabla ya kuingia? Anayeita anajibiwa baada ya muda gani? Tazameni saa: dakika tano ni sawa, kumi na tano ni nyingi kwa mtu anayebanwa na haja.

Harufu nayo isomeni vizuri. Mkojo ukinuka kwenye chumba kimoja asubuhi, huenda ndiyo kwanza wanabadilisha. Ukinuka hadi ukumbini saa nane mchana, umeshaingia kwenye magodoro. Na dawa ya kusafishia ikinuka kupita kiasi siku mliyoahidiana, rudini siku ambayo hamkuahidi.

Wahudumu wangapi wanatosha?

Usiulize "mna wafanyakazi wangapi?" Uliza: "Saa nane usiku wa kuamkia leo, nani alikuwa macho, na alikuwa na wazee wangapi?"

Hesabu yake ni hii. Wiki ina saa 168. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida za kazi kuwa 45 kwa wiki. Gawanya 168 kwa 45 utapata karibu 3.7. Maana yake, ili mtu mmoja awe macho kazini muda wote, usiku na mchana, wanahitajika karibu watu wanne kwenye orodha ya mishahara, kabla hujatoa likizo na ugonjwa. Makao yanayojisifu kuwa na wahudumu wanane yana wawili tu kwa wakati wowote, na mara nyingi usiku hubaki mmoja.

Kipimo tunachokitumia sisi ni mhudumu mmoja mchana kwa wazee watano au sita wanaotembea, na mmoja kwa wawili au watatu wasioinuka kitandani. Usiku wawe wawili hata kama wazee ni wachache, kwa sababu mzee mzito aliyeanguka hawezi kuinuliwa na mtu mmoja bila kuumizwa, yeye au anayemwinua.

Ulizeni pia kama kuna muuguzi, naye awe na leseni hai ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Leseni huonyeshwa, asiyetaka kuionyesha hana. Kibali cha makao nacho kionekane kwa macho, kisha mkathibitishe kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri.

Chooni na bafuni tuangalie nini?

Ingieni wenyewe, fungeni mlango, mkae kwenye choo. Choo cha kuchuchumaa hakimfai mzee mwenye magoti mabovu. Pawe na cha kukaa, kimo cha sentimita 45 hivi kutoka sakafuni, ili miguu ikanyage chini na asiinuke kwa kujivuta.

Vyuma vya kushikilia viwe kando ya choo na mahali pa kuogea. Vishikeni kwa mikono miwili mkaviegemee kwa uzito wote. Vyuma vingi vimefungwa kwa skrubu fupi zilizoishia kwenye plasta, na hewa ya chumvi ya pwani hula skrubu hizo ndani kwa ndani. Nje chuma kinang'aa, siku mzee akikitegemea kinang'oka naye. Karibu na bahari, kama Raskazone na Sahare, kagueni zaidi. Kamba ya kuning'inizia sabuni, taulo au ndoo siyo vya kushikilia.

Sakafu ya vigae laini ikilowa huteleza. Mimina kikombe cha maji uikanyage. Kandambili zilizolegea ni chanzo kikubwa cha kuanguka, afadhali kiatu chepesi chenye mkanda wa nyuma. Mlango uache nafasi ya sentimita 80 wazi ili kiti cha magurudumu kipite, na ufunguke kwa nje, kwa sababu mzee akiangukia ndani mlango wa kufungukia ndani utamzuia anayekuja kumwokoa.

Njia ya mteremko badala ya ngazi iwe na urefu mara 12 ya kimo chake: kizingiti cha sentimita 15 kinahitaji sentimita 180. Mteremko mkali uliotiwa saruji laini ni hatari kuliko ngazi yenyewe, hasa wakati wa masika.

Mwisho, tembea kutoka kitandani hadi chooni taa zikiwa zimezimwa. Mzee huenda kukojoa mara mbili tatu usiku, na hapo ndipo mifupa ya nyonga huvunjikia. Ulizeni umeme ukikatika au Luku ikiisha kuna taa gani, na maji yasipotoka tangi lina siku ngapi.

Na joto?

Kuanzia Desemba hadi Machi Tanga ni joto na unyevu pamoja. Mzee hahisi kiu kama kijana, hivyo hupungukiwa maji bila kulalamika. Chumba chini ya bati kiwe na dari na madirisha yanayopitisha upepo pande mbili. Maji yawe karibu na mkono wake, kwenye kikombe anachoweza kukiinua. Jagi la lita mbili mezani halimsaidii asiyeweza kulishika. Kila kitanda kiwe na chandarua chenye dawa, kisichotoboka, kilichochomekwa bila kuburuta sakafuni.

Dawa zisimamiwe vipi?

Ombeni kuona daftari la dawa. Liwe na safu za tarehe, saa, jina la mzee, dawa, kiasi na sahihi ya aliyetoa. Kisha tazameni saa mliyofika. Kama ni saa tano asubuhi na dozi ya saa nane mchana imeshasainiwa, daftari hilo hujazwa kwa mazoea, na hakuna ajuaye nani alimeza nini. Dalili nyingine ni mwezi mzima ulioandikwa kwa kalamu moja na mwandiko mmoja bila hata siku moja ya "alikataa". Wazee hukataa dawa. Daftari la kweli lina madoa.

Vidonge vya mzee mmoja visichanganywe na vya mwingine kwenye kopo moja. Insulini ambayo haijafunguliwa hutunzwa kwenye friji, kati ya nyuzi 2 na 8, mbali na sehemu ya barafu, kwa sababu ikiganda imeharibika. Iliyofunguliwa hutumika kwa takriban wiki nne ikiwa mahali pa baridi. Pasipo na friji, iwekwe ndani ya chungu chenye maji, ikiwa imefungwa isilowe.

Kwa wenye kisukari, ulizeni habari ya glibenklamidi. Ni dawa ya bei nafuu na imeenea, lakini kwa wazee hushusha sukari kwa muda mrefu, hasa figo zikiwa zimechoka au asipokula vizuri. Mzee anayeimeza na kula kidogo anaweza kuzimia alfajiri ikadhaniwa ni kiharusi. Mwulizeni daktari kama kuna mbadala, na makao yawe na kipimo cha sukari. Sukari chini ya 4 (mmol/L) ni dharura: akiwa macho na anaweza kumeza, apewe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, apimwe tena baada ya dakika 15. Akiwa hajitambui asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali.

Na jambo moja tunalolisema kwa uchungu: ukikuta wazee wote wamelala fofofo saa nne asubuhi, uliza wanapewa nini. Dawa za usingizi humfanya mzee awe mtulivu kwa mhudumu, na humletea kuanguka, kupaliwa na vidonda.

Mzee wetu hainuki kitandani. Vidonda vinazuilika?

Vingi vinazuilika. Ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na kila mgeuzo uandikwe: kushoto, chali, kulia. Shuka isiwe na mikunjo. Mito iwekwe chini ya mashavu ya miguu ili visigino vining'inie bila kugusa godoro. Mpira wa duara wa kukalia usitumike. Hubana damu kuzunguka pale pale mnapotaka kupalinda.

Kagueni makalio, nyonga, visigino, mgongo na nyuma ya kichwa. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo tafuteni mahali palipozidi weusi, penye joto, pagumu au panapouma kuliko pembeni yake. Hapo kidonda kimeshaanza chini kabla ngozi haijachanika. Pasisuguliwe wala kukandwa, paondolewe uzito. Waulizeni wasimamizi: "Sasa hivi wazee wangapi wana vidonda, na wangapi walikuja navyo?" Jibu la "hakuna" bila kufikiri lifuateni kwa kuomba kuona daftari la mgeuzo.

Chakula?

Kaeni mle chakula kilekile. Bada (ugali wa muhogo) na wali wa nazi ni vizuri kwa mwenye meno. Asiye nayo anahitaji bokoboko, uji wa ulezi uliotiwa maziwa au karanga zilizosagwa, samaki aliyetolewa miiba kabla hajafika mezani, ndizi zilizopondwa. Ng'onda na papa mkavu vina chumvi nyingi mno kwa mwenye shinikizo la damu, hata akivililia. Anayelishwa akae wima, apewe kijiko kidogo, amalize kumeza kabla ya kijiko kingine, na asilazwe kwa dakika 30 baada ya kula. Kikohozi kila anapokunywa maji ni ishara kwamba yanaingia njia ya hewa. Apelekwe kwa daktari.

Mzani ndio shahidi wa jikoni. Apimwe kila mwezi. Aliyekuwa na kilo 60 akipoteza 3 ndani ya mwezi, kuna tatizo la kutafutwa siku hiyohiyo.

Amekuwa msahaulifu na hutoka nje. Wamfunge?

Hapana. Kumfunga kamba kitandani au kwenye kiti ni ukatili, tena huongeza majeraha. Kinachosaidia ni uwanja wenye ukuta na geti analoweza kuzunguka ndani yake, kengele kwenye mlango wa nje, karatasi ya jina na simu ya ndugu iliyoshonwa kwenye nguo, na mtu wa kutembea naye jioni, wakati wengi hutaharuki.

Akichanganyikiwa ghafla, ndani ya siku moja au mbili, usiseme ni uzee. Tafuta maambukizi ya mkojo, nimonia, malaria, sukari kushuka, kukosa maji au dawa mpya. Mara nyingi hutibika.

Swala, kanisa na mfungo?

Anayetaka kuswali asaidiwe udhu au tayamamu na aelekezwe kibla. Mkristo apate padri au mchungaji wake. Bibi aogeshwe na mwanamke. Hili liandikwe kwenye mkataba. Mwezi wa Ramadhani, mzee wa insulini au glibenklamidi asifunge kabla ya kuzungumza na daktari, na sheikh amweleze kuhusu fidia ya kulisha maskini, kwa sababu wengi huona aibu kula mbele za watu.

Gharama halisi tuijueje?

Ada ya mwezi siyo gharama yote. Ulizeni yaliyomo na yasiyomo: pampasi za wakubwa, dawa, kufua, usafiri wa kliniki, muuguzi wa kumsindikiza akilazwa. Pampasi peke yake ni tatu hadi tano kwa siku, yaani 90 hadi 150 kwa mwezi. Zidisheni kwa bei ya duka. Mkataba useme notisi ni ya muda gani, amana hurudi lini, ada hupunguaje akilazwa hospitali, na akifariki usiku nani anapigiwa simu kwanza. Kila malipo yawe na risiti.

Matibabu yasiwapite bure: wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wanatibiwa bila malipo kwenye vituo vya serikali, na kitambulisho hupatikana kupitia halmashauri. Kitangulie kupatikana kabla ya safari ya kwanza ya Hospitali ya Bombo.

Kadi ya benki na hati ya nyumba?

Namba ya siri isikae kwa mhudumu wala msimamizi. Hati ya nyumba isiwekwe makao. Mambo ya uwakilishi na wosia yafanywe kwa wakili mzee akiwa bado na akili timamu, watoto wote wakijua.

Tukiajiri mtu nyumbani?

Msimtwike mtu mmoja usiku na mchana. Anastahili saa 24 mfululizo za kupumzika kila wiki, na siku hiyo ndugu fulani aandikwe jina kwenye ratiba. Mwekeeni mkataba, mfundisheni kugeuza na kulisha, na kazi ya kutunza mzee isichanganywe na kupika na kufua kwa nyumba nzima. Hapo mzee ndiye huachwa mwisho.

Tukiona kasoro tuanzie wapi?

Andika tarehe, saa na ulichokiona, piga picha ya jeraha, ongea na msimamizi na umpe siku ya kurekebisha. Asiporekebisha, nenda kwa afisa ustawi wa jamii na baraza la wazee la mtaa au kata. Kipigo, kufungwa au wizi ni kesi ya polisi moja kwa moja. Chukueni PF3, fomu ya polisi, kwa ajili ya matibabu. Mkiamua kumhamisha, ondokeni na nakala ya daftari la dawa, dawa zenyewe zikiwa zimehesabiwa, kadi za kliniki, kitambulisho chake na uzito wa mwisho, na kagueni ngozi yake yote siku hiyohiyo mbele ya mhudumu wa pale.